Nilisema Tablo Iko Mwepesi, Ngazi za Muke Wangu Zikaoza

Kosa ni langu. Si la mashine, si la internet, si la Générose anayeandika majina. Ni langu mimi, muzee wa meno machache na mdomo mrefu.

Niko mulinzi pale tunapokamulia mawese, hapa Rumonge. Kazi yangu ni kufungua mlango na kufukuza mbuzi. Kazi ya pili nilijipa mwenyewe: kupigia hadithi watu wanaongoja.

Mbele hawakuongoja sana. Mtu analeta ngazi zake, ndiyo matunda ya michikichi, Générose anatafuta jina lake kwenye tablo, ile orodha ya majina ndani ya ordinateri, kompyuta yake, anampa zamu ya mashine, basi. Hadithi yangu haifiki hata mutoni.

Halafu wakaweka mise à jour, programu mpya juu ya ile ya zamani. Tablo ikawa nzito kama mutoto aliyetumwa maji. Générose akiisukuma chini kidogo, ukurasa wote unakuwa mweupe, halafu majina yanarudi moja moja kama wazee wanaotoka msikitini.

Benchi ikajaa. Watu wa Kizuka, wa Kigwena, hata wa Bugarama, na wote hawana pa kwenda. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku hiyo nilikuwa mahali patamu. Kiboko ametoka ziwani, ameingia harusini, amekaa pa bwana harusi. Watu midomo wazi. Générose ametoka kununua chapati, simu yake ikalia pa meza. Nikashika, nikasema alo. Alikuwa fundi wa ordinateri, wa Bujumbura.

"Amahoro, muzee. Ile tablo bado nzito? Niko njiani kuja kutengeneza."

Nikaangalia benchi. Nikamufikiria kiboko wangu.

"Iko mwepesi, mwanangu. Inakimbia kama mbuzi ameona mvua."

"Murakoze, asante muzee. Basi nakata kona, naenda Gitega."

Nikarudi kwa kiboko.

Sikujua kama kesho yake muke wangu, Mama Zuhura, ataleta ngazi zetu. Hapana, kusema sikujua ni uongo, nilijua. Alikuwa ameniambia jana yake jioni: Jumapili wakwe wanakuja kumuposa binti yetu Zuhura, anataka mawese mapya ya kupikia ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Lakini mimi kichwa kilikuwa harusini na kiboko.

Ngazi zikangoja zamu. Zikangoja tena. Ngazi hazisikilizi hadithi, ndugu yangu. Zikaanza kutoa jasho, halafu harufu, halafu inzi wakaja bila kualikwa. Zilipofika kwenye mashine, mafuta yalitoka machungu, ya kupikia sabuni tu.

Jumamosi fundi akaja, Générose amemuita mwenyewe. Mama Zuhura alikuwa amesimama pale na madumu yake.

"Tablo ya zamani ilichora mistari ya majina ile tu unaona pa kioo," fundi akasema. "Hii mpya inachora yote pamoja, hata ya watu waliokufa. Ndiyo maana inachoka. Lakini nilipopiga simu, kuna muzee alisema inakimbia kama mbuzi."

Mama Zuhura hakuuliza muzee gani. Aliniangalia tu.

"Kumbe mashine imefanana na mtu ninayemujua," akasema.

Jumapili ndagala zililiwa kavu. Kwa haya, muke wangu akafunga vipande vya sabuni aliyopika kwa yale mafuta, ndani ya majani ya mugomba, akawapa wakwe zawadi. Shangazi wa kijana akafungua, akanusa, akakunja uso.

"Mama, mumetuona tumechafuka?"

Zuhura akainamisha kichwa. Nikasimama.

"Wakwe, kosa ni langu. Nilizaliwa karibu na msitu wa Kigwena, mwaka ule wa mvua kubwa, baba yangu alikuwa na pirogi ya kuvulia ndagala..."

"Muzee," Mama Zuhura akasema polepole. "Mistari ile tunaona tu."

Nikaacha pirogi ziwani. "Nilidanganya fundi ili watu wasikilize hadithi yangu. Ngazi zikaoza. Hii sabuni ndiyo mawese yenu."

Shangazi akacheka mpaka kitenge kikafunguka. Akaomba kipande kingine. Zuhura ameposwa.

Lakini mimi nimelipa. Tablo sasa inakimbia kweli, benchi iko na mbuzi tu. Juzi mama mumoja wa Kizuka, jina lake limekwisha kuitwa, mguu mumoja ndani, akaniuliza: "Muzee, na yule kiboko?"

Nikafungua mdomo. Générose akamuita tena.

"Alirudi ziwani," nikasema.

"Ah, vizuri," akasema, akaingia.

Wewe unayesoma, siku fundi akikuuliza kama kitu kinatembea, mujibu juu ya kile kitu. Usimujibu juu ya benchi yako. Ngazi za nyumbani kwako ziko njiani, na zinaoza upesi kuliko za jirani.