Fundi Sikio na Tabo ya Gari la Shemeji

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Sikio, na jina hilo alilitolea jasho. Wenzake wakikuna vichwa mbele ya injini iliyogoma, yeye alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. Kisha anasema, "Beringi ya nyuma inalia." Wakifungua, ni beringi ya nyuma. Wapaka rangi, midomo yao mnaijua, walimtania: "Sikio, leo imekwambia nini? Imekutajia mahari?" Naye hujibu, "Imesema wewe ni mbea, nikuepuke."

Sasa fikirini mtu kama huyo, siku anapoanza kutosikia.

Haikuja kwa kishindo. Kwanza walipotea ndege wa asubuhi, halafu mlio wa birika likichemka, halafu maneno ya mtu aliyesimama nyuma yake. Nyundo na mashine ya kusagia chuma vilikuwa vimemla polepole, kama mchwa wanavyokula mlango: rangi ipo, ndani hamna kitu. Hakumwambia mtu. Alianza kuuma mpini wa bisibisi kwa meno badala ya kuuweka sikioni, maana mtetemo ulimfikia kupitia mfupa wa taya. Wapaka rangi wakaangua kicheko: "Haya, sasa anazila kabisa!"

"Naonja chumvi," akawajibu. Wakacheka wote, na siri ikapata siku nyingine ya kuishi.

Aliyejua ni mkewe peke yake, fundi cherehani anayeshonea chumba cha mbele. Mke aliyezoea kuitikiwa akiwa jikoni, siku haitikiwi anajua.

"Waambie, mume wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikiwaambia, nani ataniletea injini? Fundi Sikio asiye na sikio? Afadhali wanitangaze marehemu, angalau watanilia."

Mambo yalikuwa hapo alipokuja shemeji yake, kaka wa huyo mkewe, dereva wa lori, mtu wa masihara kutoka utosini hadi kisiginoni. Alikuwa na gari la mbio la zamani, la milango miwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Alilipata akiwa kijana, akalitunza chini ya turubai kama bibi harusi. Injini za namna ile hazitengenezwi tena, wala za kuokoteza hazipatikani. Iliyokuwemo ndiyo hiyo. Sasa tabo yake ilikuwa imechoka, inakohoa oili, na jamaa alikuwa amepata tabo nyingine kubwa zaidi, pamoja na intakula pana.

"Shemeji, nataka lipande mlima likipiga mluzi. Kama umezeeka sema, nimpelekee fundi mwingine."

"Huyo mwingine mpe akufulie turubai," akasema Sikio, macho yakiwa kwenye midomo ya shemeji yake. "Gari liache hapa."

Kwa asiyeijua tabo, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, kitu mfano wa rejeta, ikapoe. Ukiweka tabo kubwa hewa inazidi, na petroli nayo lazima izidi. Ikipungua, injini inaanza kugonga: sauti kama ya kokoto ndani ya mkebe. Fundi akiisikia huondoa mguu kwenye mafuta papo hapo. Asipoisikia, pistoni inaungua.

Sikio alifanya kazi ya kupendeza macho. Alikata mgongo wa bampa ili intakula ikae panapopigwa na upepo, akapinda mabomba mapya, akafuta kila bomba kwa ndani kwa kitambaa safi kama mtu anayefuta pua ya mtoto. Mikono yake ilikuwa bado inajua. Ikabaki kulijaribu gari barabarani, na barabarani huwezi kuuma bisibisi.

Akaenda nyumbani na mkebe wa grisi uliotiwa kokoto, akautikisa mbele ya mkewe.

"Ukisikia hivi, niguse begani. Usiseme kitu. Gusa tu."

"Kama cherehani yangu sindano inapogonga bamba?"

"Hivyohivyo."

Moyo wa mama huyo, mkewe, ulikataa, lakini aliukunja kama anavyokunja pindo. Akamwambia kaka yake kwamba naye anataka kuonja hilo gari, akajibana kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Shemeji akakaa mbele, dirisha wazi. Sikio akashika usukani.

Barabara ya tambarare ilikuwa raha tupu. Tabo ilipiga mluzi, na shemeji akapiga wake. Ghafla mama akasikia kitu kinachachatika. Akagusa bega. Sikio akaondoa mguu, akasimamisha gari. Wakatafuta. Ilikuwa spana iliyosahauliwa kwenye mfuko wa mlango, inacheza peke yake.

Shemeji alicheka hadi akashika boneti. "Dada, umeanza ufundi lini? Na wewe shemeji, siku hizi unaendesha kwa ruhusa?"

Yalikuwa masihara tu. Lakini Sikio aliona siri yake imechungulia, akaogopa, na mtu aliyeogopa ulimi wake hauna breki. Akamgeukia mkewe: "Kaa utulie! Huku siyo kwenye vitambaa vyako. Hujui kitu!"

Mama akatulia. Wakaanza kupanda mlima.

Katikati ya mlima kokoto zikaanza. Safari hii hazikutoka mlangoni, zilitoka mbele, ndani kabisa, kavu. Mama alizisikia. Aliinua mkono, ukafika karibu na kola ya mumewe, akayakumbuka yale maneno, na mkono ukasimama hewani. Vipi kama ni spana nyingine? Shemeji alikuwa ametoa kichwa dirishani, akiishangilia tabo. Sikio alikuwa anatabasamu. Ndani ya kimya chake gari lilikuwa linakwenda kama maji, akakanyaga zaidi.

Kishindo kile hata yeye alikisikia, kwa nyayo.

Moshi ulipopungua alifungua boneti, akaona oili imetapika kote na ubavu wa injini umetoboka, kipande cha chuma kimechungulia nje kama mfupa. Hakugusa kitu. Shemeji, aliyeingia kwenye gari lile kijana na akatoka humo mzee, alisimama nyuma yake.

"Shemeji, itapona?"

Sikio aliinama, akachungulia lile tundu.

"Shemeji. Nakuuliza, itapona?"

Sikio aliendelea kuitazama injini. Shemeji akadhani anadharauliwa, akakunja uso, akavuta pumzi ili afoke. Hapo dada yake akasema kwa sauti ndogo, "Zunguka, kaka. Simama mbele yake."

Jamaa alimtazama dada yake, akaitazama ile shingo isiyogeuka, na masihara yote yakamtoka. Akazunguka, akasimama mbele, akauliza tena taratibu, akifungua mdomo sana kama mtu anayemfundisha mtoto kusema.

Sikio aliuona huo mdomo unavyofunguka, akajua wameshajua. Akatikisa kichwa. Haitapona.

Gari lilirudi chini ya turubai, na shemeji hakudai lolote. Angetukana ingekuwa nafuu. Kuanzia hapo alipokuja alizungumza kwa adabu, bila utani hata mmoja, na hilo Sikio hakuliweza. Gereji aliacha kwenda. Wapaka rangi walimtumia salamu kupitia kwa mkewe.

"Nilisikia," mkewe alimwambia siku moja, ameinamia kitambaa. "Mkono ulikuwa njiani." Sikio hakuinua macho. Mkewe akajua hakusikika, na nguvu ya kurudia hakuwa nayo.

Siku hizi ameigeuza meza ya cherehani, ili akishona uso wake uelekee kiti cha mumewe, midomo yake ionekane. Sikio naye anakaa hapo mchana kutwa, kiti chake kakigeuzia ukutani.