Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Katika mtaa wote wa Majengo, hapa Goma, hapakuwa na sauti iliyofikia yangu, na nasema hivyo bila haya kwa sababu walioisikia bado wako hai. Nilikuwa mfasiri wa filamu. Ukumbi wetu wa video ulijengwa kwa mbao juu ya mawe meusi ya volkano, una paa la mabati, mabenchi kumi na mawili, televisheni moja kubwa, na nje grupu la umeme, yaani jenereta, lililokohoa tangu asubuhi. Filamu zilisema Kifaransa. Mimi nilishika mikro nikazisemesha Kiswahili. Nilikuwa polisi, nilikuwa jambazi, nilikuwa bibi harusi, hata mbwa nilikuwa. Watoto walitoka avenyu za mbali, na wengine walitoka kwenye kambi za waliokimbia vita, kule upande wa Lac Vert, wakatembea njia nzima kwa miguu ili wanisikie. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Lakini neno la mwisho halikuwa langu, wala la mwenye ukumbi. Lilikuwa la mama yangu.

Ilianza siku wazazi walipokuja mlangoni na hasira zao. Watoto wao walikuwa wameona filamu ya maiti zinazotembea, na sasa hakuna aliyekubali kwenda chooni peke yake. Chefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, akataka ukumbi ufungwe. Mama, ambaye aliuza makala, yaani mkaa, alikuwa anapita na gunia lake mgongoni. Alilitua chini, akasema ukumbi ubaki, ila kila filamu ya Jumamosi ya watoto aione yeye kwanza. Wazazi walikubali, maana hakuna aliyewahi kununua makala kwake akakuta mawe chini ya gunia. Tangu hapo, kila Ijumaa adhuhuri aliketi peke yake kwenye benchi la mbele, mikono juu ya kitenge, nami kando yake nikimfasiria. Mwisho alisema "Inapita" au "Haipite", na hapakuwa na rufaa.

Alikuwa na sheria zake. Filamu ya vita yenye watu mia wakianguka aliipitisha bila kukunja uso, eti hakuna aliyewalilia, basi hata watoto hawatawaamini. Ya kuchekesha, ambamo watu walirushiana keki usoni, aliikataa kabla haijafika nusu.

"Batu banatupa chakula, na batoto bacheke?" alisema. "Haipite."

Mama hakujua Kifaransa zaidi ya bonjour, wala hakuwa amekaa darasani. Macho yalikuwa yake, lakini masikio yake yalikuwa mdomo wangu. Mimi nilijua hivyo vizuri, na ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Mwenye ukumbi alileta filamu ya shujaa mmoja aliyevaa kofia ya chuma na joho la kijivu, katika mji usiopata jua, ambako mvua hainyeshi bali inavuja. Habari zake zilikuwa zimetutangulia. Watoto walikwisha kujifunga vitenge vya mama zao shingoni na kuruka kutoka juu ya mawe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechora tangazo juu ya ubao, na nilikuwa nimeanza kuandaa sauti ya shujaa, nzito, ya kutoka tumboni. Niliona hiyo ndiyo itakuwa kazi kubwa ya maisha yangu.

Siku ya Alhamisi niliitazama kwanza kwa kujiandaa, nikaona mambo yameharibika. Mwanzoni kabisa, wabaya wanachoma nyumba. Mtoto mdogo amesimama barabarani ameshikwa na jirani, bibi mmoja mzee, na baba na mama yake wamo ndani. Hakuna damu, hakuna kelele. Ni moto tu, na uso wa mtoto. Nilijua mama hataipitisha. Sisi tulitoka Masisi tukikimbia, na kule nyumba zilichomwa.

Basi nikapanga. Ijumaa niliketi kando yake, na nyumba ilipowaka nikasema kwa sauti tamu, "Usiogope, mama. Baba na mama ya huyu mutoto bametoka kwa mulango ya nyuma. Banakimbilia kwa ndugu yabo."

Mama aliendelea kutazama. Nikaona nimefaulu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho dakika tano baadaye, pale watu wenye nguo nyeusi walipozunguka shimo kwenye mvua.

"Banazika nani?" mama aliuliza.

"Mbwa."

"Mbwa ya nani?"

"Ya jirani, mama. Ilikuwa ndani ya ile nyumba."

"Na padri amekuja kuzika mbwa?"

"Bazungu banapenda mbwa sana."

"Masanduku iko mbili," mama alisema.

"Ilikuwa mbwa mbili," nikajibu.

Kuanzia hapo nilifasiri kama mtu anayevuka mto kwa mawe yanayoteleza. Kila shujaa alipowalilia wazazi wake, mimi nilisema anawakumbuka kwa kuwa wako safarini. Alipoapa kuwalipizia kisasi, nilisema anaapa kuwatembelea Noeli. Filamu ilipokwisha, mwenye ukumbi aliingiza kichwa mlangoni akauliza kama inapita. Mama alimwambia asubiri nje. Kisha akaniomba nirudishe pale pa moto.

Nilirudisha. Alitazama mpaka mwisho wa kipande, akanyoosha kidole.

"Ile nyumba balituonyesha mbele na nyuma," alisema. "Haina mulango ya nyuma."

Mwenye macho haambiwi tazama. Miaka yote ile nilidhani kwa kuwa hajui Kifaransa, anahitaji mimi nimwambie anachokiona.

"Na ule mutoto anajua," aliendelea. "Hakuuliza papa yake atarudia siku gani. Mutoto mwenye hajui anauliza. Weye pia haukuniuliza papa yako atarudia siku gani."

Nilielewa mara moja. Tulipotoka Masisi nilikuwa na miaka mitano. Niliamka njiani, mgongoni mwa mama, nimefungwa ndani ya koti la baba, koti lake zito la baridi ya milimani. Niliuliza baba yuko wapi. Mama alisema amekwenda Vitshumbi kutafuta samaki, atatukuta Goma. Niliuliza siku hiyo moja tu, sikurudia tena. Siku nyingine nilijua amekufa, kwa sababu baba hakwenda popote bila koti lile. Siku nyingine niliona hakufa. Nilimwona Vitshumbi, kando ya ziwa, ana mke mwingine na watoto wengine, wanakula samaki, ametusahau. Sikujua ipi ni mbaya zaidi. Na nyumbani kwetu samaki wa Vitshumbi hawakuliwa kamwe, hata walipojaa sokoni, na hilo pia sikuliuliza.

Nilimwambia mama hayo yote pale pale kwenye benchi, mtu mzima na ndevu zangu, nikilia. Alisikiliza. La samaki alikuwa akilijua. La mke mwingine halikuwahi kumfikia masikioni, na nilimwona limemchoma.

"Mimi nilikosa," alisema polepole. "Nilisema nikuchunge. Sikujua nakutuma kwa ile ziwa kila siku."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Hata kwa padri, watu walitania, alikuwa anaungama dhambi za majirani. Kumsikia akisema vile mbele ya mwanawe kulinifanya nimheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu.

Kisha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akawa tena hakimu.

"Batoto benye kukuya hapa samedi, wengi nyumba zabo zilichomwa," alisema. "Ukibaambia wale bametoka kwa mulango ya nyuma, kila mutoto atajiuliza sababu gani papa yake hakutafuta mulango. Sema vile iko."

"Kwa hiyo inapita?" niliuliza.

"Filme inapita," alisema, akisimama. "Weye ndiyo haupite. Kesho nitakuya kukusikia."

Sikulala vizuri. Mwenye ukumbi alishangilia, lakini mimi nilijua kilichokuwa hatarini. Mama akiacha kuuamini mdomo wangu, basi hataketi tena kwenye benchi lile, na wazazi hawataleta watoto. Lakini si hilo lililoniuma. Nilitaka mama yangu aniamini. Hilo tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi wengine wakaketi chini. Wale wa kambini walikuwa mbele kwa sababu walitangulia kufika, miguu myeupe kwa vumbi. Mama alikaa katikati yao. Moto ulipowaka kwenye skrini, nilishika mikro kwa mikono miwili. Sikutia sauti ya tumboni wala ya machozi. Nilisema, "Papa yake na mama yake bako ndani. Hakuna njia ya kutokea. Bamekufa."

Grupu peke yake lilisikika. Nikadhani sasa watatoka mbio, na wazazi watanijia na fimbo. Hakutoka hata mmoja. Halafu msichana wa miaka minane hivi, mmoja wa wale wa kambini, aliuliza kwa sauti, bila kugeuka, "Na yeye atakula kwa nani?"

Watoto wakaanza kumjibu. Mmoja alisema kwa nyanya yake. Mwingine alisema kwa shangazi, lakini shangazi hampendi. Mwingine alisema wanatoa unga kambini lakini lazima uwe na jeton ya kupokelea. Wote walisema kama watu wanaojua wanachokisema. Mama alimwekea yule msichana mkono begani.

"Angalia yule bibi," alimwambia. "Hajamuachilia mukono."

Na kweli, kwenye skrini jirani mzee alimpeleka mtoto kwake, akamkatia mkate, akamkazia macho mpaka akala. Hapo watoto walipiga makofi. Nimefasiri filamu nyingi maishani, nimewaona watoto wakishangilia magari yanayoruka na majumba yanayolipuka, lakini sijasikia makofi kama yale, na yalikuwa ya kipande cha mkate. Shujaa mwenyewe, na joho lake na sauti niliyomwandalia, hakuyapata hata nusu. Sikumwonea wivu. Nilijivunia watoto wale kuliko nilivyowahi kujivunia sauti yangu.

Walipotoka, mama mmoja alimsimamisha mama yangu mlangoni akamuuliza kama filamu ile ilifaa kweli kwa watoto, maana amesikia ni ya giza giza.

"Uliza mutoto yangu," mama alisema. "Yeye anasema vile iko."

Tulirudi nyumbani pamoja jua likiwa bado juu, tukipita kwenye mawe. Alikoka makala, akabandika sufuria. Mimi niliketi kwenye kiti kidogo cha jikoni, nikauliza lile ambalo sikuuliza miaka yote.

"Mama, papa alikufia wapi?"

Alifunika sufuria kwanza.

"Ndani ya nyumba," alisema. "Tulitoka mimi na papa yako, nilibeba bitu, nikasema uko na yeye. Na yeye alisema uko na mimi. Weye ulikuwa umelala. Akarudia ndani. Nyumba yetu haikukuwa na mulango ya nyuma, ilikuwa na dirisha moja ndogo, mutu mukubwa hapite. Alikufunga ndani ya koti yake, akakupitisha pale. Nilikupokea kwa hii mikono."

Aliinyoosha mikono yake ili niione, myeusi kwa makala mpaka kwenye viwiko. Nilimuuliza kama baba alisema neno. Alisema ndiyo, baba alisema "Mushike muzuri", naye mama akanishika.

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Tangu utoto lilinuka moshi, nami niliamini ni moshi wa jiko letu.

Ijumaa iliyofuata mama alikuja ukumbini adhuhuri, akaketi kwenye benchi la mbele, akakunja mikono juu ya kitenge. Akapiga ubao wa benchi kwa kiganja, kando yake, niketi nimfasirie. Kulikuwa na joto la mabati, watu wote walikuwa na mashati mepesi. Mimi nilikuwa nimevaa koti la baba.