Ua Usiofagiwa wa Mama Lukman

Kwetu Bugembe, mwanamke husomwa uani kabla ya kusalimiwa. Alfajiri, adhana ikishatoka, mifagio huanza kukwaruza: kwa Nusifa, kwa jirani wa Nusifa, nyumba hadi nyumba mpaka barabara kuu ya Iganga. Teksi za kwanza zinapopiga honi kuita abiria wa Jinja, kila ua umekwisha kunyolewa. Udongo mwekundu uko wazi kama kiganja, na mistari ya mfagio imelala sambamba. Hakuna jani, hakuna unyasi. Wema wa mke umethibitishwa, na wakwe wakipita hawana la kusema.

Ua wa Kulusumu, mjane wa Bruhan, ulikuwa haujafagiwa kwa miaka minne.

Si kwamba hakujua kufagia. Alizaliwa Mbale, chini ya mlima wa Wanale, na mama yake alikuwa mtu wa kushika mfagio kabla ya kunawa uso. Alipoolewa Bugembe alifagia miaka ishirini na miwili bila kukosa asubuhi, isipokuwa siku za uzazi. Bruhan alikuwa akimtania kwamba anafagia hata majani ambayo bado hayajaanguka.

Bruhan alipofariki, Kulusumu alikaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje ya ua ule, na kwa mara ya kwanza maishani alipata nafasi ya kuutazama. Aliona mvua ikinyesha, ikiuchukua udongo na kuupeleka mtaroni. Aliona mizizi ya mfenesi imetoka nje kama mishipa ya mkono. Aliona kizingiti cha mlango, ambacho alipoingia bibi harusi kilikuwa sawa na ardhi, sasa kimekuwa ngazi. Shubiri nzima ya ua wake ilikuwa imekwenda zake, na aliyeisindikiza kila asubuhi ni yeye, kwa mfagio.

Eda ilipokwisha aliutia mfagio wa nje jikoni ukawa kuni.

Akapanda miti saba: michungwa miwili, miparachichi mitatu, mwembe mmoja wa kubebeshwa na mlimau. Kiangazi cha Januari kikaja, ardhi tupu ikawaka kama kikaango, na miche sita ikakauka imesimama. Ulibaki mparachichi mmoja, ule uliokuwa karibu na pale alipozoea kutupa maganda ya ndizi na majani ya migomba. Kulusumu alipenyeza mkono chini ya ule uchafu, akakuta udongo una unyevu. Hakuhitaji mwalimu wa kumweleza zaidi.

Mwanawe Lukman alikuwa akifanya kazi Mbale, kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Kulusumu alipokwenda kumtembelea alikuta vilima vya maganda ya kahawa vinachomwa moto kando ya ukuta, moshi umetanda.

"Mnachoma shamba langu," alimwambia mwanawe.

Lukman alicheka, lakini tangu siku hiyo magunia ya maganda yakawa yanashuka Bugembe juu ya malori yanayokwenda Jinja. Kulusumu alipanda miche mingine mahali pa ile sita, akatandaza maganda ua mzima, unene wa vidole vinne, ila karibu na shina aliacha nafasi ya kiganja ili gome lisioze.

Halafu akafanya kosa ambalo sisi wa huku wote tungelifanya. Sangari, nyasi zile ambazo Wasoga huziita lumbugu, zilitambaa kutoka kwenye michongoma ya mpakani zikapenya chini ya maganda. Kulusumu akachukua jembe. Kwetu jembe ni heshima. Mtu akiona jani baya hulijibu kwa jembe, na anayelima kwa nguvu zaidi ndiye bora zaidi. Alilima kwa nguvu. Akaikata ile mizizi mirefu myeupe vipande vipande, na mvua iliponyesha kila kipande kikawa nyasi mpya. Hakuwa amepalilia, alikuwa amepanda. Jembe lilikuwa limekata pia mizizi myembamba ya michungwa, ambayo hailali mbali na uso wa ardhi, na majani ya michungwa yakawa ya manjano kama mgonjwa wa ini.

Aliliweka jembe. Akatafuta jembe uma, lile lenye meno, akawa analegeza udongo polepole, kisha anapiga magoti na kuuvuta uzi wa sangari kwa mkono, mzima, mpaka mwisho wake. Alichokivuta alikianika juu ya bati la jiko, kwa sababu sangari iliyoachwa chini hufufuka. Kila alfajiri, saa ya mifagio, majirani walimwona amepiga magoti.

"Mama Lukman," Nusifa alimwita siku moja kutoka ng'ambo ya michongoma, "unatafuta hirizi? Nani kakuzikia?"

"Nyie mmeizika. Iko chini ya ua wako, ndiyo maana hauoti kitu."

"Ua wangu safi! Wako hata nyoka akipotea humo, tutamtangaza msikitini."

"Nyoka akija kwangu atakuta kivuli. Akija kwako ataungua tumbo."

Walicheka wote wawili, lakini Nusifa alisimulia kisimani kwamba ujane umemchukua Kulusumu akili. Miaka ikapita hivyo. Miti ikamfika kifuani, kisha kichwani. Miparachichi ikatoa maua.

Kila mwaka familia ya Bruhan ilikuja kumsomea marehemu dua nyumbani kwake. Mwaka wa nne, Muzamiru, mdogo wake marehemu, mwenye duka la nyavu kule Wanyange, aliwaalika watu wazito: sheikh mmoja wa Jinja na wafanyabiashara wenzake. Jumanne kabla ya Jumamosi ya dua alifika kuangalia mahali. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeamsha sangari kidogo kando ya michongoma. Alisimama getini kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Shemeji, wageni wangu watakaa wapi?"

"Kwenye mikeka, kama kila mwaka."

"Juu ya takataka?"

"Juu ya maganda ya kahawa. Makavu, na laini kuliko mchanga. Yale manyasi ya pembeni nitakuwa nimeyang'oa kabla ya Jumamosi."

"Watasema Muzamiru kamtelekeza mke wa kaka yake mpaka ua umekuwa kichaka."

"Wakisema, waambie lini ulishika jembe hapa."

Muzamiru aligeuka akatoka. Jumatano asubuhi alirudi na Isiko, mpiga dawa wa mtaa, bomba mgongoni, viatu vya mpira miguuni. Amri ilikuwa moja: magugu yauawe, maganda yakokotwe, ua uwe mtupu na mwekundu kama wa watu wengine.

"Mama, mimi natumwa tu," Isiko alisema, akiogopa kumtazama. "Na dawa hii inaua majani. Miti haina shida."

"Isiko, hiyo dawa ina macho?"

"Hapana, mama."

"Basi itajuaje kwamba hili ni jani la sangari na lile ni jani la mchungwa? Tazama shina. Bado la kijani. Na upepo wa ziwa huu unaousikia, umeuambia uende wapi?"

Isiko aliutazama mchungwa, kisha akamtazama Muzamiru.

"Piga dawa," Muzamiru alisema. "Nyumba hii ni ya kaka yangu."

Kulusumu aliingia ndani. Muzamiru akadhani amekubali. Alitoka na mkeka, akautandika katikati ya michungwa miwili, akaketi, akakunja miguu na kuvuta mtandio wake vizuri kama anayesubiri chai.

"Haya, Isiko. Anza na mimi."

"Mama, usifanye hivyo!"

"Mimi pia nimeota hapa bila ruhusa ya Muzamiru. Nyunyiza."

Isiko alilitua bomba chini. "Bwana, mimi hii siwezi," alimwambia Muzamiru. "Mimi naua majani, siui mama ya watu." Akalitoa bomba nje ya geti na kukaa kando yake.

Muzamiru alikuwa amebakiwa na silaha moja tu, na aliitumia. "Kale, basi. Dua ya kaka yangu haitasomwa porini. Itasomwa kwangu Wanyange."

Hata Nusifa, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya michongoma tangu mwanzo, alishika mdomo. Dua ya mume ikihamishwa kutoka kwa mjane wake, watu huelewa neno moja: nyumba ile imefungwa, na aliyemo ndani ni mpangaji. Kulusumu alilielewa neno hilo kuliko wote. Alishika shina la mchungwa.

"Hamisha," alisema.

Alhamisi alikuwa amepiga magoti kando ya michongoma, akivuta sangari, Nusifa alipokuja kumsihi. "Kubali tu, dada yangu. Miti hupandwa tena. Heshima je?"

"Umesema kweli. Heshima je?"

"Mimi nasema heshima ya dua!"

"Na mimi pia. Nikimwachia Muzamiru amwage sumu kwenye ardhi iliyomlisha Bruhan, halafu nikae juu yake nimwombee Bruhan, nitakuwa naomba nini?"

Nusifa alirudi kwake. Tumezoea kuita heshima kila kitu kinachowapendeza wanaopita njiani. Mtu husafisha kinachoonekana akaharibu kinachomlisha, na jioni anasifiwa. Kulusumu hakuwa mtu wa maneno mengi kuhusu haya. Alivuta uzi mwingine, mrefu kama mkono, akautazama mpaka ncha, akauweka kwenye beseni. Ijumaa alimaliza upande wa mwisho na kuyarudisha maganda mahali pake.

Jumamosi hakwenda Wanyange. Aliosha mchele, akapika sufuria moja ya pilau, akatandika mikeka yake mitatu chini ya miparachichi. Hakumwalika mtu. Baada ya swala ya adhuhuri alifungua msahafu na kuanza kusoma Yasini mwenyewe.

Geti likalia. Nusifa aliingia na mkeka kwapani.

"Usifikiri nimekubali huu ua wako," alinong'ona. "Nimekuja kwa ajili ya Bruhan. Alinibeba mpaka hospitali siku ile nilipozidiwa, na ni hapa alipokuwa akiishi, si Wanyange."

Wakaja wengine wa mtaa, mmoja mmoja, wakijidai wanapita tu. Isiko alikuja amevaa kanzu, mikono mitupu, akaketi nyuma kabisa. Walipofika tisa, Kulusumu alirudi mwanzo wa sura, ili wote wasome pamoja.

Alasiri, watu wakiwa wanakula, Muzamiru alifika. Dua yake ilikuwa imekwisha, na alikuwa amebeba bakuli la pilau lililofunikwa kwa kitambaa. Alisimama getini. Watu waligeuka, vidole vyao vimejaa wali.

"Karibu, shemeji," Kulusumu alisema bila kuinuka. "Vua viatu, kuna mikeka."

Alivua. Alikanyaga maganda kwa uangalifu, kama anayevuka mto, akamfikia na kumkabidhi bakuli.

"Wameuliza uko wapi," alisema kwa sauti ya chini. "Sheikh mwenyewe aliuliza. Mjane wa marehemu yuko wapi."

"Ukamwambia nini?"

Muzamiru alitazama pembeni. "Nilisema unaumwa."

"Mimi naumwa?"

"Ningesema nini, shemeji, mbele za watu?"

"Kwa hiyo kaka yako ameombewa, na katikati ya dua mmeweka uongo." Kulusumu aliliweka bakuli kwenye mkeka, bila kulifunua. "Chakula hiki sitakila mpaka umwambie kweli. Simu unayo."

"Leo? Mbele za hawa?"

"Ulinipa ugonjwa mbele za wale."

Isiko alikohoa. Nusifa aliinamia sahani yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Muzamiru, mtu mzima mwenye duka na ndevu zenye mvi, alitoa simu mfukoni. Angeweza kuondoka, geti lilikuwa wazi na viatu vyake viko pale pale. Ni haki tumhesabie kwamba hakuondoka. Alipiga, na Kulusumu akamwonyesha kwa kidole aweke sauti ya nje.

"Sheikh, samahani. Ni Muzamiru. Nilikuambia shemeji yangu anaumwa. Haumwi. Nilimhamishia dua kwa hasira."

"Hasira ya nini, ndugu yangu?" sauti ya sheikh iliuliza, ya mtu aliyekwisha shiba na asiye na haraka.

"Ya magugu, sheikh. Ua wake hafagii, nikaona una magugu mengi."

"Magugu? Mengi kiasi gani?"

Muzamiru alifungua mdomo kujibu. Kisha akatazama chini. Alisukuma maganda kwa kidole cha mguu, pale chini ya mparachichi, akaona udongo mweusi wenye unyevu. Alisogea kwenye mchungwa, akasukuma tena. Alikwenda mpaka kwenye michongoma, simu mkononi, akachuchumaa na kupekua kwa mkono, kanzu yake nyeupe ikiburuta.

"Muzamiru? Upo?"

"Nipo, sheikh," alisema. "Bado natafuta."

Watu wote walikuwa wanamtazama. Kulusumu hakumsaidia.