Mugozi wa Tantine

Juzi, kwenye mlima ulio juu ya kijiji cha Mumosho, niliona kijana akifundisha wageni kupanda mgongo wa mlima. Aliwafunga kamba huku akiwachekea.

Mimi sikuchekewa. Tantine, dada ya maman, alikuwa mubeba mizigo wa soko la Kadutu. Mchana mumoja nikiwa mtoto, tukienda shambani kwa kukata njia mlimani, alinifunga kiunoni na mugozi wake, kamba ya kubebea mizigo, iliyonuka jasho na makaa. Ncha ingine alijifunga yeye.

“Kamata jiwe, usikamate nguo yangu,” alifoka. “Ukilia, nakuacha hapa.”

Nilimuchukia. Niliona ananivuta kama mbuzi wa sokoni, nisitoroke. Mawe yaliporomoka kwa kelele chini ya miguu yangu.

Leo naelewa: ningeteleza, tungeanguka wote wawili.

Na bado simupendi.