Mgeni Aliyekoroga Chai

Tomma hamwamini mtu. Sisemi kwa kumsengenya. Hata yeye mwenyewe ukimwambia hivyo atakubali, kisha atakuuliza nani kakutuma. Miaka thelathini na miwili alikata tiketi za meli ya kwenda kisiwa cha Borkum, hapa kwetu Emden, na hakuna mama aliyeweza kumpitisha kijana wa miaka kumi na minne kwa tiketi ya mtoto. Alimuuliza kijana tarehe ya kuzaliwa ghafla, mama akabaki kuuma midomo. Alipostaafu, jicho halikustaafu. Mlango wake una makomeo matatu. Mimi Gesche ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa, na bado nikimpelekea samaki wa moshi humnusa mbele ya macho yangu.

Oktoba iliyopita alikuja mgeni. Kijana wa miaka thelathini hivi, kavaa koti jepesi lisilofaa kwa upepo wetu, katoka Chile. Alisema kwa Kijerumani cha kubahatisha kwamba anaitwa Matías, mwana wa Okko.

Okko alikuwa kaka wa pekee wa Tomma. Akiwa na miaka kumi na tisa aligombana na baba yao, akapanda meli ya mizigo, na hakuleta barua hata moja. Tomma alibaki, akawauguza wazazi, akawazika. Hana mume wala mtoto. Ana ile nyumba ya matofali karibu na maji, ambayo siku hizi madalali wanaimezea mate.

"Shangazi," kijana alisema, "baba alifariki mwezi wa tatu. Aliniambia nije."

"Usiniite shangazi." Tomma alikuwa kafungua mlango kiasi cha pua tu. "Una nini cha kuonyesha?"

Alitoa pasipoti. Jina la ukoo lilikuwa lao, lakini jina hilo limeandikwa kwenye kila mlango wa tatu hapa mjini. Akatoa picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe.

"Mzee na ndevu," Tomma akasema. "Hata mimi nitakuletea watano. Njoo kesho saa tisa alasiri, unywe chai."

Kisha akaja kugonga kwangu.

"Gesche, kesho utakuwa shahidi wangu. Huyu anataka nyumba."

"Amesema?"

"Mwizi gani anasema?"

"Labda anataka kukuona tu."

"Anione, kwani nimekuwa mnara wa kutazamwa? Aliyelelewa na mtu wa hapa nitamjua kwenye kikombe."

Hata mimi ningempima hivyo hivyo. Kwetu chai ndiyo kitambulisho. Bonge la sukari ya mawe linakaa chini, chai inamwagwa juu yake, krimu inateremshwa taratibu pembeni. Haikorogwi. Unakunywa krimu kwanza, halafu uchungu, utamu unaukuta mwisho. Kijiko unakilaza ndani ya kikombe ukishatosheka, na hutosheki kabla ya kikombe cha tatu. Kumwondoa mgeni kabla ya hapo ni kumtukana.

Kesho yake kijana alifika saa tisa kamili, kashika maua. Tomma aliyaweka kwenye beseni la kuoshea vyombo bila kuyatazama. Akamwaga chai. Mimi nikajikuta namwombea yule kijana.

Alichukua kijiko akakoroga. Alikoroga haswa, krimu yote ikapotea, kisha akagonga ukingo wa kikombe mara mbili, ting, ting, akanywa.

Tomma alingoja amalize. "Haya, bwana mdogo. Kwaheri."

"Shangazi, nimekosa nini?"

"Nimesema kwaheri."

Kijana alinitazama. Niliangalia kitambaa cha meza, na aibu ya siku ile ninayo hadi leo. Akaondoka. Makomeo yakafungwa, moja, mbili, tatu.

"Umeona?" Tomma alirudi akisugua mikono. "Okko angemlea mtoto hivyo? Yeye aliyekulia nyumba hii? Baba aliwahi kumchapa kofi Okko mezani hapa hapa, akamwambia asiyeweza kunywa kama sisi si wa kwetu, kwa sababu..."

Akainamia meza.

"Kwa sababu gani?" nikamuuliza.

Alikuwa anakitazama kikombe cha yule kijana.

"Tomma, alimchapa kwa nini?"

"Alikuwa anakoroga," akasema kwa sauti ndogo. "Kila siku. Kwa kusudi. Halafu anagonga mara mbili ili Baba asikie."

Alitoka bila koti, akauacha mlango wazi. Tomma wa makomeo matatu! Nilimfuata mbio kwa viatu vya ndani. Tulimkuta kijana kwenye benchi ukingoni mwa maji, mbele ya ile meli nyekundu ya taa, iliyokuwa ikiongoza vyombo zamani, begi liko miguuni.

"Nani alikufundisha kukoroga?" Tomma alimuuliza, anahema.

"Baba. Kila akigonga kikombe alikuwa anacheka. Hakutuambia anacheka nini."

Tomma alisimama pale upepo unamvuruga nywele. Nilidhani ataomba radhi, lakini huyo si Tomma.

"Umekunywa kimoja," akasema. "Bado viwili. Na kesho nataka kuona cheti chako cha kuzaliwa."

Tulirudi. Alimwaga chai ya pili, krimu ikamwagikia kisahani. Kijana aliweka mikono mapajani, hakukigusa kijiko. Tomma alikichukua mwenyewe akamtia mkononi.

"Koroga, mwanangu," akasema. "Koroga mpaka Baba asikie."