Kiti cha Pweza Nilichomletea Omuse

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kule Adungosi, niliamini kwamba nyanya yetu angeweza kutibu chochote, mradi apatiwe mnyama anayefaa. Tulimwita Tata, kama Wateso wanavyowaita nyanya zao. Mtoto akichelewa kutembea, Tata alimsugua magoti kwa ukwato wa paa, na mtoto akatembea. Leo najua angetembea tu, ukwato usiwepo. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na mtoto akishaona, nani atambishia?

Mdogo wangu Omuse alikuwa na miaka saba alipopoteza mkono. Tulikuwa tumetumwa sokoni Malaba, na kwenye ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda akadandia trela, kama walivyofanya wavulana wote. Lori likaondoka ghafla, akateleza. Hospitalini wakamkata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Mimi ndiye niliyepaswa kumshika, na wakati huo nilikuwa nikitazama viatu vya mitumba. Hakuna aliyenilaumu. Ningeona afadhali wangenilaumu.

Baba alikuwa dereva wa masafa marefu. Likizo ya Desemba, alipoona sili vizuri, akanichukua kwenye lori lake hadi Mombasa. Mzigo ukachelewa bandarini, akaniacha siku tatu kwa Bi Mwanaidi, mama wa tanboi wake, yaani utingo wa lori, aliyekaa karibu na ufuo na kuchokoa pweza maji yakipwa.

Asubuhi tulishuka miambani. Bahari ilikuwa imejiondokea na kuacha vidimbwi vya maji ya uvuguvugu kati ya mawe, na mimi niliyezoea mto wa matope nilichutama juu ya kila kimoja nikasahau hata huzuni. Ndani mlikuwa na kaa wadogo na samaki wasiozidi kidole. Kwenye kidimbwi kimoja niliona kitu chekundu chenye mikono mitano, kimejibandika jiweni. Bi Mwanaidi akaniambia kile ni kiti cha pweza. Kisha akanionyesha kingine, ambacho mkono wake mmoja ulikuwa kidude tu, kama ncha ya kidole cha mtoto mchanga.

"Huu mkono ulikatika," akasema. "Waona? Sasa waota mwingine."

Nikakumbuka mkono wa Omuse. Nikamuuliza kama naweza kwenda nacho nyumbani. Akasema kitu cha bahari kikitolewa baharini hufa, nikiache hapo hapo. Nikaitikia vizuri, maana nilifunzwa adabu. Alipoinamia shimo la pweza nikakibandua, nikakitia kwenye mkebe wa rangi uliojaa maji ya chumvi.

Kilikufa kabla hatujafika Voi. Nilijua kwa sababu mikono yote ililegea, na tulipofika Nakuru mkebe ulikuwa unanuka, baba akidhani ni miguu yangu. Ningeweza kukitupa porini. Sikukitupa.

Nyumbani, Tata alinisikiliza hadi mwisho. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na pua yake ilishamalizwa na ugoro, kwa hiyo hakuona wala kunusa. Akanishika kidevu.

"Mnyama inapeana dawa ikiwa hai," akasema. "Ikikufia njiani haina kitu ya kupeana. Hiyo ni ya kutupa. Hii ilifika hai?"

"Ilifika hai, Tata. Imekufa saa hii tu, hapa mlangoni."

Akamsugua Omuse kigutu kwa asubuhi tatu, kisha akakizika kile kiti cha pweza nyuma ya ghala.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Omuse alikuja kitandani kwangu, akapandisha mkono wa shati na kuniambia niangalie. Niliangalia. Nilimwambia naona kama pameanza kuchongoka. Mungu anisamehe, nilisema hivyo zaidi ya mara moja. Shuleni mwalimu alitaka kumfundisha kuandika kwa kushoto, akakataa. Alimwambia mwalimu kwamba mkono wenye kazi hiyo uko njiani. Mwalimu akambembeleza, akamkemea, mwisho akachoka. Wenzake wakapanda darasa, yeye akabaki. Mwaka uliofuata akabaki tena.

Jioni moja, baada ya mavuno, tulikuwa wawili tukipepeta wimbi.

"Ile kitu," akasema, "ilifika hai kweli?"

Hapo ndipo ningesema. Nilimwona Tata kichwani, nikamwona baba, nikaona jinsi wote wangenigeukia.

"Ilifika hai," nikasema.

Akatazama kigutu chake.

"Basi ni mimi," akasema.

Hakuja tena asubuhi kuniomba niangalie, nami nikashukuru kwamba yamekwisha. Tata hakumsugua mtoto mwingine yeyote hadi alipofariki. Akina mama walikuja na watoto wao, akawaambia dawa yake imemkimbia. Omuse aliacha shule darasa la nne.

Siku hizi mimi ni fundi wa nguo, nakaa Burumba. Omuse ana mke na watoto wawili, na anaelekeza malori yanapoegeshwa kwenye yadi moja kule Malaba. Kila Krismasi namshonea shati, mkono wa kulia naukata mfupi na kuukunja vizuri. Desemba iliyopita alikuwa amesimama mbele yangu nikimpimisha, akinisimulia kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza darasani. Nikamwambia amemrithi baba yake. Akacheka.

"Apana, dada. Kwangu mimi kitu nzuri haikubaligi. Nilijua tangu ile dawa ya Tata."

Nilitoa pini mdomoni nikamwambia yote: Voi, harufu, mlangoni kwa Tata. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Ilikufa kabla ifike?" akauliza.

"Kabla ya Voi."

"Kumbe haikuwa mimi," akasema. Akakaa kwenye kigoda changu, shati likiwa na pini upande mmoja, akalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye watoto, mpaka jirani akaja kuchungulia.

Sikumwomba msamaha siku ile. Niliona ningekuwa namtwika kazi nyingine, ya kunifariji mimi. Miaka yote hiyo nilidhani kosa langu lilikuwa kumpa mtoto tumaini la uongo. Tumaini lile lingekwisha lenyewe, watoto huzoea. Alichohitaji jioni ile ya wimbi ni mtu wa kulaumu. Nilikuwa nimekaa mbele yake na ungo mkononi, nikamwacha atafute, akajipata yeye mwenyewe.