Sinia la Nyumba Kubwa

Nilimnyang'anya mwanangu sinia mbele ya ukumbi mzima, nikaliweka chini jukwaani kwa kishindo mpaka vikombe vikalia. Akina mama wa kamati ya wazazi wakageuka wote. Mwalimu wa Kiingereza alibaki amekumbatia karatasi zake. Mwanangu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliniangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Khalas, imetosha," nilisema. "Huyu habebi."

Skulini bado wanasema nilipandwa na wazimu kwa sababu ya mchezo wa watoto. Basi nieleze, maana sinia lilikuja mwisho.

Mchezo ni wa Kiingereza, wa zamani. Tajiri mwenye kiwanda anakunywa chai na familia yake, na huko nje wafanyakazi wake wana njaa. Binti yake anasimama na kumuuliza: hawa watu wanatuhusu au hawatuhusu? Kiini chake ndicho hicho. Kiingereza changu ni cha sekondari, lakini niliusoma wote jikoni na mwanangu, mimi tajiri, yeye binti. Tunakaa fleti ndogo mtaa wa Hamriya, huku nchi ya Waarabu, juu ya duka la vitambaa, na nadhani hata muuza duka aliyajua maneno yale. Mimi nakaanga sambusa za watu, yeye kasimama mlangoni ananishitaki kwa kuwanyonya maskini.

"Wanyamaze," namjibu. "Wanaotaka kazi wako wengi."

"Mama, usicheke! Wewe mtu mbaya."

Siku ya kuchagua wachezaji kila msichana alisoma, na mwalimu mwenyewe akamwambia mwanangu kuwa binti wa tajiri ni yeye. Alipanda ngazi za nyumbani akipiga kelele za furaha tangu chini.

Halafu ikaja kamati ya wazazi, iliyotakiwa kutafuta nguo na vyombo tu. Mkubwa wao ni bibi mmoja wa mtaa wa Bawshar, familia ya Unguja kama sisi, Kiswahili chake ndicho chetu. Alifika mazoezini akafanya wanachofanya watu wetu kabla ya lolote lile. Akauliza.

"Wewe binti nani? Mama yako nani? Na bibi zenu, wa wapi Unguja?"

Kwetu mtu hamalizi kukaa kabla hajajulikana ni wa nani. Mara nyingi ni mapenzi; mzee anatafuta pa kukushika. Mwanangu akajibu yote kwa adabu, kama nilivyomfundisha.

"Alaa! Kumbe kitukuu cha mpishi wetu!"

Ni kweli. Bibi yangu alipika kwenye nyumba yao kubwa Unguja, akawalea na watoto wao, na walipohamia huku naye akaja. Sioni haya. Alifanya kazi. Lakini wiki iliyofuata mwanangu akapewa kuwa mtumishi: anafungua mlango, anabeba chai, anasema "Ndiyo, bwana," anatoka. Nafasi ya binti ikaenda kwa msichana wa ukoo mkubwa. Sina ugomvi na mtoto yule. Mwalimu nilipomuuliza alitazama sakafu, akasema kamati imeona hivyo ndivyo itakavyopendeza.

Nikampigia simu yule bibi.

"Usikasirike, bibie, sisi watu wamoja," aliniambia. "Lakini wazee watakuwepo, na watu wanajuana. Mwanao akisimama kumkemea tajiri, watasema nini?"

"Watasema anaigiza."

"Wewe mdomo tu. Mama yako hakuwa hivi."

Kweli hakuwa hivi. Mama yangu, ninayekaa naye, aliniomba ninyamaze.

"Wale wametulea, mwanangu. Nna haya mie. Ntawatazama vipi Idi?"

"Wametulea au tumewalea? Nani aliwabeba mgongoni?"

Kila Idi tunakwenda kuwaamkia nyumbani kwao Bawshar. Tunakaa karibu na mlango, na kahawa hutufikia mwisho, imeshapoa. Nimeinywa tangu nikiwa mdogo kuliko mwanangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini imepoa.

Nikanyamaza, kwa ajili ya mama. Ila jikoni mwanangu aliacha kusoma kwa sauti. Siku moja, akinisaidia kukunja sambusa, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, ningesema simjui bibi yako, wangeniachia?"

Mtoto alikuwa ameanza kupiga hesabu ya kumkana marehemu wetu ili apate nafasi aliyokwisha kuishinda kwa kusoma.

Siku ile ya sinia nilikwenda kumchukua mapema, nikakaa nyuma ya ukumbi. Yule bibi alikuja na kitu kimefungwa kitambaa. Akakifungua jukwaani: sinia la shaba, la kizamani, limesuguliwa linang'aa, akapanga vikombe juu yake.

"Hili la nyumbani kwetu Unguja," akawaambia wenzake. Kisha akamgeukia mwanangu. "Bibi yake mama yako akibeba hili hili. Lishike, mwanangu. Haya, tembea. Mnaona? Kalishika vile vile! Huyu hahitaji kufundishwa!"

Wakacheka. Na mwanangu naye akatabasamu, kwa sababu mtu mzima amemsifu. Lile tabasamu ndilo lililoninyanyua kwenye kiti.

Nilipokwisha kuliweka sinia chini, yule bibi aliinama akaliokota. "Umenivunjia heshima. Sinia la marehemu bibi yangu!"

"Sinia lako," nikamwambia. "Mtoto wangu."

Jumapili asubuhi, huku ni siku ya kazi, nikavaa. Mama aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia napeleka barua skuli. Akaingia chumbani, akatoka na shela yake nzuri, ile ya Idi, akanitupia mabegani.

Karani wa skuli alitaka mambo yamalizwe kwa simu. Nikakataa, nikasimama pale mpaka akagonga muhuri wa kupokea. Barua niliiandika kwa Kiarabu, kwa mkono wangu. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Kwa Mkuu wa Skuli. Nalalamika kwamba mwanangu alichaguliwa na mwalimu kwa kusoma, akaondolewa na kamati kwa ukoo. Mchezo mnaowafundisha unauliza kama wenye nyumba kubwa wana jukumu kwa wanaowabebea chai. Nawauliza ninyi pia. Naomba wasichana wote wasome upya mbele ya walimu peke yao, na asiulizwe yeyote ni mtoto wa nani. Naomba kamati ibaki na nguo na vyombo. Mwanangu akishindwa kwa kusoma, atabeba sinia, na mimi nitakaa mbele nimpigie makofi. Lakini sinia lile la shaba lirudi kwa wenyewe. Naomba nijibiwe kwa maandishi."